Nani Anachora Mashine ya Shamba?

Pawatila nyingi, yale matrekta madogo ya magurudumu mawili, hazina ufunguo. Anayetaka kuwasha injini yake ya dizeli hupachika hendeli ubavuni, mkono wa kushoto ukabana kijiti kinachoiachia silinda ipumue, wa kulia ukazungusha kwa nguvu zote mpaka gurudumu zito la injini lishike kasi. Hapo kijiti kinaachiwa ghafla, na siku ikiwa njema injini inakohoa mara mbili tatu, inashika. Siku mbaya hendeli inarudi kinyume na kumuumiza mtu kifundo cha mkono. Ikishawaka, kuna vishikio viwili virefu vinavyotetemeka mwanzo wa shamba hadi mwisho, na kuugeuza mtambo kwenye kona ni kazi ya mabega.

Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa Kilimo Kwanza mjini Dodoma, na miaka iliyofuata mashine hizi ziliingizwa kutoka Asia kwa maelfu na kusambazwa wilayani. Nia ilikuwa kulipumzisha jembe la mkono. Pale zilipokuta majaruba ya mpunga na udongo ulioloa, zilifanya kazi zilizotengenezewa. Zilipofikishwa kwenye ardhi kavu na ngumu ya kanda ya kati, nyingi zilifungiwa tela zikawa za kubebea maji, kuni na abiria, na nyingine zikaegeshwa nyuma ya ofisi ya kijiji mpaka matairi yakaoza. Lawama zilielekezwa kwa waagizaji, kwa uhaba wa vipuri, kwa mafunzo ya siku mbili. Zote zilikuwa na haki yake. Swali lililoulizwa kwa nadra ni hili: aliyekaa kwenye meza ya kuchora mtambo ule alikuwa anamfikiria mkulima gani?

Kwa sababu mkulima wa Tanzania, ukimtafuta shambani saa mbili asubuhi, uwezekano ni mkubwa kidogo kuwa ni mwanamke. Watafiti wa Benki ya Dunia waliolinganisha takwimu za kaya katika nchi sita za Afrika, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2017, walikuta kwamba wanawake hufanya asilimia 52 ya kazi ya mazao Tanzania na asilimia 56 Uganda. Wanasiasa hupenda kutaja asilimia 70 au 80, namba zinazopigiwa makofi jukwaani bila mtu kuuliza zimetoka wapi. Hiyo 52 inatosha. Zaidi ya nusu ya mikono inayopanda na kupalilia ni ya wanawake, ilhali kwenye madarasa ya uhandisi, ambako mashine hubuniwa, mabinti bado ni wachache. Na si wao peke yao wanaokosekana. Mtoto wa mfugaji wa Simanjiro au Turkana, mtoto wa shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia, kijana anayetembelea kiti cha magurudumu, nao ni adimu humo.

Mhandisi wa kilimo si bwana shamba. Bwana shamba au bibi shamba anakuambia upande mbegu gani na lini. Mhandisi anakokotoa mteremko wa mfereji ili maji yafike jaruba la mwisho bila kukomba udongo wa jaruba la kwanza. Anapanga kasi ya ngoma ya mashine ya kupukuchua ili punje isivunjike. Anajua kwamba mahindi yakiingia ghalani na unyevu unaozidi sana asilimia 13 yataota ukungu, naye anabuni namna ya kuyakausha mvua ikiwa imeshatanda. Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinafundisha fani hii pamoja na uhandisi wa umwagiliaji na wa hifadhi ya mazao baada ya kuvuna. Kenya, chuo cha Jomo Kenyatta kilichopo Juja kilipokea wanafunzi wake wa kwanza Mei 1981, na uhandisi wa kilimo ulikuwa miongoni mwa fani za mwanzo kabisa. Egerton, kule Njoro, nako fani hiyo ipo. Vyuo si tatizo la kwanza, basi. Tatizo ni nani anafika mlangoni.

Chukua safari ya mwanafunzi wa Tanzania kama ilivyokuwa kwa miaka mingi. Kidato cha kwanza na cha pili anasoma fizikia na kemia pamoja na wenzake wote. Kidato cha tatu anaruhusiwa kuziacha, na wengi wanaziacha. Baiolojia na hisabati zinabaki kuwa za lazima. Msichana anayeambiwa nyumbani kwamba fizikia ni ya kaka zake, au anayesoma shule ambayo mwalimu wa fizikia alihama mwaka jana na nafasi yake haijazibwa, anaiacha akiwa na miaka 15 au 16. Hajaambiwa na mtu kwamba siku hiyo amejifungia mlango wa uhandisi. Hata neno uhandisi wa kilimo huenda hajawahi kulisikia.

Halafu kuna mtego mwingine uliofichika zaidi, unaomnasa hasa yule anayekipenda kilimo. Akifika kidato cha tano, kombi maarufu yenye somo la kilimo ndani yake ni CBA: kemia, baiolojia na kilimo. Anaichagua kwa moyo mmoja, akiamini ndiyo njia. CBA itampeleka kwenye elimu ya mimea, ya udongo, ya mifugo. Uhandisi wa kilimo haimpeleki, maana mlango ule unadai fizikia na hisabati ya juu, yaani kombi kama PCM: fizikia, kemia na hisabati. Hivyo mfumo wenyewe unamtenganisha kijana aliyekulia shambani na meza ya kuchora mashine za shamba, na kumweka mezani hapo kijana wa PCM ambaye mara nyingi aliutaka uhandisi wa majengo au wa umeme, akakosa nafasi, akaletwa Morogoro kwa chaguo la tatu. Hakuna mwenye nia mbaya katika hili. Ni ramani tu iliyochorwa na watu waliodhani kilimo ni baiolojia.

Nyongeza ya mzigo ni maabara na lugha. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi katikati ya miaka ya 2000, watoto wengi wa vijijini walipata sekondari kwa mara ya kwanza, jambo ambalo halipaswi kubezwa. Lakini ilibidi Rais Kikwete aagize kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na kati ya 2014 na 2015 wananchi walichangishwa fedha, mchanga na kokoto kuzijenga. Majengo mengi yalisimama. Vifaa na walimu vilikuja polepole, na kuna mahali ambapo chumba cha maabara kilianza maisha yake kama stoo ya madawati mabovu. Kwenye chumba hicho mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anakutana na fizikia kwa Kiingereza. Anayejua kwa uzoefu wa mikono kwamba mpini mrefu hurahisisha kunyanyua gogo anashindwa swali la nyenzo kwa sababu hakulielewa swali.

Kwa nini kilimo cha darasani kikawa cha jembe, na uhandisi ukawa wa wengine? Jibu lake linapitia mbali, Alabama na Iowa, kisha linarudi Kabete.

Julai 2, 1862, Abraham Lincoln alisaini sheria iliyozipa majimbo ya Marekani ardhi ya umma, ekari 30,000 kwa kila seneta na kila mbunge wake, ili yaiuze na kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi wa mitambo. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji wa asili. Uchunguzi wa waandishi wa habari mwaka 2020 uliifuatilia na kukuta karibu ekari milioni 11 zilizotoka kwa jamii zipatazo 250. Vyuo vikubwa vya uhandisi wa kilimo vya Marekani vimetoka humo. Wamarekani weusi wa kusini, wengi wao bado watumwa mwaka ule, hawakuhesabiwa. Sheria ya pili ya 1890 ililiambia kila jimbo liwapokee weusi katika chuo chake au liwajengee chao na kugawa fedha kwa haki. Majimbo ya kusini yalichagua kujenga. Neno haki likabaki kwenye karatasi.

Mwaka mmoja baadaye George Washington Carver, aliyezaliwa utumwani, aliingia chuo cha Iowa akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi hapo. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894, ya pili mwaka 1896, kisha akaitwa na Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha weusi cha Tuskegee, Alabama, kwenda kufundisha huko. Katika chuo kilekile cha Iowa, miaka michache tu baadaye, J. B. Davidson alianzisha idara ya uhandisi wa kilimo, mwaka 1905, na mwaka 1907 akawa rais wa kwanza wa chama cha wahandisi wa kilimo wa Marekani. Taaluma ilikuwa inazaliwa. Carver wakati huo alikuwa Alabama akiandaa gari la kukokotwa na wanyama, lililoanza safari mwaka 1906, likibeba majembe ya kukokota na vifaa vingine kuwapelekea wakulima weusi maskini elimu hukohuko vijijini. Ilikuwa kazi kubwa na yenye akili nyingi. Wanafunzi wa Tuskegee nao walifyatua matofali na kujenga majengo ya chuo chao wenyewe. Ufundi wa mikono walipewa kwa wingi. Shahada za kubuni mitambo zilibaki kwenye vyuo walivyofungiwa.

Mtindo huo ndio uliovuka bahari. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ambaye aliwahi kufanya kazi katika chuo cha Hampton alikosomea Booker T. Washington mwenyewe, ilizunguka Afrika Mashariki kuishauri serikali ya kikoloni kuhusu elimu ya Waafrika. Ndani yake alikuwemo James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, Ghana ya leo. Ushauri ulikuwa elimu ya vitendo: bustani, afya, kazi za mikono. Mwaka 1925 shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kwa fedha za mfuko wa Carnegie, ikifuata mfano wa walimu wa vijijini wa kusini mwa Marekani. Walimu walikuja na wake zao. Wanaume walifundishwa kilimo na ufundi na namna ya kusimamia shule za vijijini. Wake zao walifundishwa malezi, usafi na mapishi.

Sasa tazama Njoro, safari ya saa chache kutoka hapo. Mwaka 1939 Lord Egerton alianzisha shule ya kilimo kwa ajili ya vijana wa Kizungu waliotarajiwa kuwa wenye mashamba. Milango yake ilifunguliwa kwa watu wa rangi nyingine miaka ya mwisho ya ukoloni. Nchi moja, udongo mmoja, elimu mbili za kilimo: moja ya kumfundisha mtu amiliki shamba na mitambo yake, nyingine ya kumfundisha alime vizuri zaidi palepale alipo. Wazazi wa Kikuyu walioanzisha shule huru waliitilia shaka hiyo ya pili mapema kabisa. Walitaka Kiingereza na hesabu, na wakoloni wakawaona wakaidi. Ukiangalia leo orodha ya masomo yanayodaiwa na idara ya uhandisi, ukaidi ule ulikuwa na macho.

Kule Tanzania, Rais Nyerere alijaribu kuliponya jeraha hili kutoka upande mwingine. Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 ilitaka mwanafunzi asiidharau kazi ya shamba, na shamba la shule liwe sehemu ya kujifunza, pamoja na kupanga na kupima matokeo. Yaliyotokea katika shule nyingi yanafahamika kwa yeyote aliyesoma Tanzania miaka iliyofuata: shamba likawa mahali pa kumpeleka aliyechelewa namba na aliyepiga kelele darasani. Kizazi baada ya kizazi kimejifunza kwamba kilimo ni adhabu yenye mpini. Mwalimu wa ushauri anayemwambia binti hodari wa hisabati asome uhandisi wa kilimo anashindana na kumbukumbu hiyo, na anashindana na mama wa binti huyo pia, aliyeuza mahindi miaka kumi na mbili ili mwanawe asirudi shambani.

Marekani ilikuja kuhesabu gharama ya ile haki ya kwenye karatasi. Septemba 2023 mawaziri wa elimu na wa kilimo waliwaandikia magavana wa majimbo 16 wakiwaonyesha kuwa tangu 1987 hadi 2020 vyuo vya watu weusi vya sheria ya 1890 vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 vikilinganishwa na vyuo vya 1862 katika majimbo yaleyale. Ni majimbo mawili tu, Delaware na Ohio, yaliyoonekana kugawa sawa. Na wakulima? Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi wapatao 925,000. Sensa ya kilimo ya 2017 iliwakuta chini ya 50,000. Sababu ni nyingi, mikopo iliyonyimwa na ardhi iliyopotea zikiwa mbele, na uhaba wa wahandisi hauwezi kubebeshwa lawama hiyo yote. Ila historia hiyo inaonyesha ni rahisi kiasi gani kufungua mlango kwa sheria na kuuacha hivyo, bila fedha, kwa zaidi ya karne.

Afrika Mashariki imejaribu funguo zake. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika udahili. Idadi yao chuoni ilipanda kwa uwazi, lakini faida kubwa ilikwenda kwenye fani za sanaa, maana pointi haziwezi kumwongezea mtu fizikia ambayo hakuisoma. Kenya nayo ilishusha kidogo alama za kuingilia kwa wasichana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwenda hatua moja mbele kwa upande wa sayansi na uhandisi: wasichana waliokosa sifa kwa kiasi kidogo waliitwa mapema, wakafundishwa hisabati na fizikia kwa wiki kadhaa, wakafanya mtihani, waliofaulu wakaingia. Ukipima kwa akili ya kawaida, njia hii ya mwisho ina mashiko zaidi. Pointi za bure humpa binti jina la kuingia kwa mlango wa nyuma, na wenzake humkumbusha kila wiki. Mtihani aliofaulu hauna wa kumsimanga.

Miaka ya karibuni Tanzania iliamua kujenga sekondari ya bweni ya sayansi ya wasichana katika kila mkoa wa Bara, 26 kwa jumla, chini ya mradi uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Tangu 2022 kuna pia ufadhili unaobeba jina la Rais Samia kwa waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita katika masomo ya sayansi. Yote mawili yanasaidia. Huo ufadhili, hata hivyo, unamkuta mwanafunzi akiwa ameshavuka mito yote. Aliyezama kidato cha tatu haumfikii. Bweni linagusa chanzo zaidi, kwa sababu linamwondolea msichana kilomita za kutembea na ndoo za jioni, likampa saa tatu za kusoma zenye taa.

Kubaki na kushika spana ni habari nyingine. Kwenye karakana za vyuo wanafunzi hugawanywa makundi ya watu watano au sita kuzunguka injini moja iliyofunguliwa. Mgawanyo wa kazi hujitokeza wenyewe kabla mkufunzi hajamaliza kueleza: vijana wa kiume waliowahi kushinda gereji wanakamata spana na kuingiza mikono, na msichana wa kundi, kwa kuwa ana mwandiko mzuri, anapewa daftari. Mwisho wa muhula ripoti ni nzuri sana na imeandikwa na mtu ambaye hajafungua bolti hata moja. Alama wanapata wote. Baadhi ya wakufunzi hutibu hili kwa njia isiyogharimu kitu, kwa kuzungusha zamu kwa lazima na kumhoji kila mmoja peke yake mbele ya injini. Wengine huona ni usumbufu, hasa darasa likiwa la watu themanini na injini ziko nne. Ovaroli za saizi moja, za mwanaume mrefu, nazo ni kero ndogo inayosema mengi: mikono inakunjwa mara tatu, na kitambaa kilicholegea karibu na mkanda unaozunguka ni hatari ya kweli.

Baada ya karakana kuna mafunzo ya vitendo ya likizo ndefu, ambayo kwa wanafunzi wengi ndiyo nafasi ya kwanza ya kuonekana na mwajiri. Morogoro ni mkoa wa mashamba makubwa ya miwa, na miezi ya likizo hukutana na msimu wa kusaga, wakati mitambo inakesha na mafundi hawatoshi. Mwenye karakana anayesita kupokea wasichana hutoa sababu zilezile kila mahali: zamu za usiku, malazi, choo kimoja. Mara nyingi sababu hizo ni za kweli, na kutatua kila moja ni suala la bati, matofali na ratiba. Chuo kinachopeleka wanafunzi kinaweza kuyaandika hayo kwenye makubaliano kabla ya kusaini, kwamba kila kundi litachanganya wavulana na wasichana, litakuwa na mahali pa kulala pa kila upande, na zamu zitagawanywa sawa. Mwezi wa Julai, mashine zikiwa zinadai mikono, mwenye kiwanda naye hana raha ya kukataa.